Sekunde Moja ya Jicho

Jioni hii tuzungumze juu ya mtihani wa pikipiki ambao mtu huufanya akiwa amekaa kwenye kiti mbele ya kompyuta, pikipiki yenyewe ikiwa imebaki nyumbani. Ni mtihani wa nadharia wa Uingereza, unaosimamiwa na mamlaka ya kule inayotahini madereva, DVSA. Una sehemu mbili zinazofanywa kwa mkupuo mmoja. Kwanza kuna maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa dakika 57, na mtahiniwa anatakiwa apate 43. Akishapumzika kidogo, anawekewa picha 14 fupi za video, kila moja kama dakika moja hivi. Anazitazama na kubofya kitufe kila anapoona hatari inakuja. Alama za juu ni 75, za kufaulia ni 44. Ukifeli sehemu moja umefeli zote mbili, unalipa pauni 23 nyingine na kuanza upya. Ndugu zetu walioko London, Birmingham na kwingineko wanakutana nao, maana leseni ya Dar es Salaam au ya Nairobi humruhusu aliyehamia kule kuendesha pikipiki kwa miezi 12 tu, kisha anarudi kuwa lena. Lakini sikuuleta hewani kwa ajili yao peke yao. Nimeuleta kwa sababu ile sehemu ya pili, ya kubofya, ambayo wengi wanaojiandaa huiachia usiku wa mwisho, kwa maoni yangu ndiyo mtihani wenyewe. Na ndiyo ambayo katika leseni zetu za huku haijapewa nafasi inayostahili.

Tuanze na kinachoulizwa. Picha inaonyesha barabara kama anavyoiona aliye safarini: nyumba, magari yaliyoegeshwa, mtoto wa shule, mwendesha baiskeli, makutano mbele. Vitu vinavyoweza kudhuru ni vingi, na anayebofya kila anachokiona atabofya mpaka kidole kife ganzi. Kompyuta nayo ikibaini anabofya mfululizo au kwa mpangilio, humpa sifuri kwa picha ile. Kinachotafutwa ni hatari inayoiva, yaani kitu kitakacholazimisha ubadili mwendo au mwelekeo. Mfano wanaoutoa watahini wenyewe ni wa gari lililoegeshwa kando. Limesimama, halina habari na wewe. Hiyo ni hatari mbichi. Unakaribia, indiketa ya kulia inaanza kuwaka na gari linajisogeza kuingia barabarani. Sasa imeiva, na usipopunguza mwendo mtakutana. Anayebofya hatari inapoanza tu kuiva hupata alama 5, anayechelewa kidogo 4, kisha 3, 2, 1, hadi sifuri. Picha 13 zina hatari moja moja. Moja ina mbili, na hakuna anayekuambia ni ipi. Kwa hiyo mtu hawezi kusema ameshabofya, sasa apumzishe macho.

Indiketa, hata hivyo, ndiyo ya mwisho kusema. Kabla yake kuna kichwa cha mtu nyuma ya usukani. Kuna moshi mwembamba kwenye ekzozi asubuhi ya baridi, taa za breki zilizokuwa zimewaka zikazimika, tairi la mbele lililokunjwa kuelekea barabarani. Chini ya gari, kati ya matairi, huenda zikaonekana nyayo za mtoto ambaye mwili wake umefichwa na bodi. Daladala kituoni nayo husema hivyo hivyo kwa lugha yake: konda amegonga bodi mara mbili, mguu wake mmoja uko kwenye ngazi, mlango haujafungwa, na tairi la mbele la kulia limeanza kugeuka kabla bodi haijasogea hata shubiri. Anayesubiri indiketa ya daladala atasubiri sana. Na kwa kuwa Uingereza, Tanzania, Kenya na Uganda zote huendesha kushoto, jicho lililojifunza kulisoma tairi hilo la kulia halihitaji kujifunza upya likivuka bahari, liwe linaenda au linarudi.

Kwa nini basi kompyuta ing'ang'anie visekunde namna hiyo? Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio kikomo cha maeneo ya makazi Tanzania na Kenya, hula karibu mita 14 kila sekunde. Kitabu cha Uingereza cha kanuni za barabara, Highway Code, kwa mwendo wa maili 30, ambao ni kilomita 48, kinataja mita 9 za kufikiri, yaani umbali unaoukata kabla mkono haujaibana breki, na mita 14 za breki yenyewe; jumla mita 23. Sasa linganisha. Breki nzima, kuanzia inapokamata hadi pikipiki isimame, ni mita 14. Sekunde moja ya kuona mapema ni karibu mita hizo hizo 14. Aliyeiona hatari sekunde moja kabla ya mwenzake ni kama amefungiwa breki ya pili juu ya ile aliyonunua nayo pikipiki, na hakuna duka la vipuri linalouza breki ya aina hiyo. Mwendo ukizidi mambo huharibika haraka kuliko watu wanavyodhani: kwa maili 60, mita za kufikiri zinapanda kutoka 9 hadi 18 tu, lakini za breki zinaruka kutoka 14 hadi 55. Na hizo ni hesabu za lami kavu na tairi zima. Kwenye lami iliyolowa kitabu hicho hicho kinamtaka dereva azidishe mara mbili ule muda wa sekunde 2 unaomtenga na gari la mbele.

Atakayesema hesabu za kitabuni si za barabarani, na aende barabarani. Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California aliongoza uchunguzi wa ajali 900 hivi za pikipiki katika eneo la Los Angeles, na ripoti yake ya 1981 haijachoka kunukuliwa. Wachunguzi walikwenda kwenye ajali zenyewe, wakapima michirizi ya matairi na kuhoji waliohusika. Walikuta kwamba tangu hatari ijitokeze hadi kishindo, kwa kawaida mwendesha pikipiki alikuwa na chini ya sekunde 2 za kufanya lolote. Ndani ya sekunde hizo wengi walikosea: walikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likafunga na kuburura, wakaiogopa ya mbele ambayo ndiyo yenye nguvu, na kukwepa hawakukwepa. Walikuta pia kwamba asilimia 92 ya waliopata ajali hawakuwahi kupata mafunzo rasmi. Walijifunza wenyewe, au walifundishwa na ndugu na marafiki. Msikilizaji wa Mbagala au wa Kisumu hahitaji kuelezwa maana ya takwimu hiyo. Kijana hufundishwa klachi na gia na mwenzake jioni kwenye uwanja wa mpira, na wiki haijaisha anabeba abiria. Klachi ameijua, gia amezijua, ila hakuna aliyemfundisha atazame wapi.

Hapo linakuja pingamizi ambalo kila mwenye pikipiki analo mdomoni, na lina msingi. Watasema: tatizo si sisi, ni wenye magari. Wanatuchomekea, wanakata kona bila kuangalia, wanafungua mlango usoni pako. Ripoti ya Hurt inawaunga mkono: katika ajali zilizohusisha pikipiki na chombo kingine, karibu theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo kile aliinyima pikipiki haki yake ya kupita. Tena madereva wale hawakuwa na ubaya. Wengi hawakuiona pikipiki kabisa, au waliiona wakiwa wamechelewa. Pikipiki ni nyembamba. Ikija uso kwa uso, umbo lake halikui machoni pa dereva kama linavyokua umbo la lori. Linabaki kama kidoti cha mbali kwa muda mrefu, halafu ghafla limejaa kioo. Dereva aliyetazama kulia akaona kidoti, akahesabu ana nafasi, akaingia barabarani, atakula kiapo kwamba alitazama, na atakuwa anasema kweli. Yote hayo nayakubali. Lakini kukubali kwamba kosa ni la dereva wa gari hakumpunguzii kazi aliye juu ya magurudumu mawili, kunamwongezea. Kama wenye magari hawakuoni, basi wa kuona kwa niaba ya wote wawili umebaki wewe. Haki ya kupita itatetewa mahakamani baadaye, na mfupa uliovunjika utaungwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, hata kama hukumu itakuwa upande wako. Ndiyo maana wakufunzi wa pikipiki husema mwanafunzi asitosheke na kukutana macho kwa macho na dereva aliye kwenye makutano: macho yanaweza kukutazama yasikuone, ila tairi la mbele likianza kuzunguka haliwezi kukudanganya. Na ndiyo maana, kabla ya kuhama upande wowote, mwendesha pikipiki wa Uingereza hufundishwa kugeuza shingo na kutupa jicho nyuma ya bega, mahali ambapo kioo cha pembeni hakifiki. Asipofanya hivyo katika mtihani wa barabarani hawamwachii.

Pingamizi la pili ni la wale wasioamini kwamba video inaweza kumfundisha mtu barabara. Wanauliza, je, kubofya kumepunguza ajali, au ni njia tu ya kukusanya pauni? Sehemu hii iliingizwa kwenye mtihani wa Uingereza Novemba 2002, miaka sita baada ya mtihani wa nadharia wenyewe kuanzishwa 1996. Serikali ya kule ilikuwa ikigharamia uchunguzi mkubwa wa madereva wapya, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha kwamba waliopitia kipimo cha kubaini hatari walikuwa na ajali pungufu kwa karibu asilimia 11, katika kundi la ajali zisizo za mwendo wa kinyonga ambazo dereva mwenyewe alikubali kuwa na sehemu ya lawama. Uchunguzi ule ulikuwa wa madereva wa magari, si wa pikipiki, na asilimia 11 si muujiza. Lakini kwa kipimo kinachomalizika kabla chai haijapoa, ni mavuno ambayo mambo mengi ya usalama barabarani hayajayapata. Na kama kinamfaa aliyezungukwa na bati, mifuko ya hewa na mkanda, sioni kitakachofanya kisimfae ambaye bati lake ni shati.

Wapo wanaoenda mbali zaidi na kusema kumnoa mtu ni kumpa kiburi; ukimwongezea ujuzi, ataongeza mwendo. Pingamizi hili nalipenda kuliko yote, maana lina ushahidi. Norway, mwishoni mwa miaka ya 1970, ililazimisha madereva wapya wafundishwe kulimudu gari linapoteleza kwenye barafu. Nia ilikuwa njema. Matokeo ni kwamba vijana wa kiume waliofundishwa hivyo walizidi kupata ajali kwenye barabara za utelezi. Walitoka darasani wakiamini barafu wameshaiweza. Lakini tuangalie walifundishwa nini: ujuzi wa mikono, wa kujinasua ukishaingia kwenye matata. Ujuzi huo humfanya mtu ajione mzito. Ujuzi wa jicho unakwenda kinyume: kila unavyozidi kuona, ndivyo unavyozidi kushuku. Aliyezoea kutafuta nyayo chini ya magari yaliyoegeshwa hapiti pale kwa kasi, si kwa sababu ni mwoga, bali kwa sababu sasa anajua kuna nini. Kwa hiyo ushahidi wa Norway, nikiutazama vizuri, unaniunga mkono: tukiwa na saa chache tu za kumfundisha kijana, tuanze na macho kabla ya mbwembwe za mikono.

Sasa turudi kwa anayejiandaa. Wengi huanza na maswali 50 na kuishia hapo hapo. Wanapakua programu kwenye simu, wanabofya majibu hadi wanayajua kwa namba zake, kama mtoto aliyekariri jedwali la kuzidisha bila kujua kuzidisha ni nini. Tangu 2012 njia hiyo imezibwa kwa kiasi: maswali halisi ya mtihani hayachapishwi tena, na ya kwenye vitabu ni ya mazoezi tu. Anayejua sababu ya jibu hatatetereka swali likigeuzwa maneno, aliyekariri atatetereka. Chukua swali la vifuniko vya mashimo ya maji machafu, reli za tramu na michoro myeupe ya barabarani. Mwenye kukariri anajua jibu ni kuepuka. Mwenye kuelewa anajua ni vitu laini vinavyoteleza vikilowa, kwamba pikipiki ikiinama kwenye kona hushika barabara kwa eneo la tairi lisilozidi kiganja, na kwamba hapo hapo ndipo dizeli humwagika kutoka kwenye matenki ya malori yaliyojaa yanapozunguka kipilefti. Huyo wa pili ameshajibu pia nusu ya sehemu ya video bila kujua. Watahini wenyewe wanataja vitabu vitatu vya kujisomea: Highway Code, kitabu cha alama za barabarani, na mwongozo wao rasmi wa kuendesha pikipiki. Vinatosha. Wala mtu asidanganyike na ile tofauti ya alama za kufaulia, 43 kwa 50 upande mmoja na 44 kwa 75 upande wa pili, akadhani sehemu ya pili ni ya mteremko. Ukisoma usiku mmoja unaweza kujua kina halali cha mistari ya tairi la pikipiki, milimita 1. Jicho halikui kwa usiku mmoja.

Kwa msemaji wa Kiswahili kuna jambo moja zaidi. Kabla ya Aprili 2014 mtahiniwa wa Uingereza aliweza kusikilizishwa maswali kwa lugha kadhaa za kigeni. Sasa ni Kiingereza na Kiwelshi tu. Maswali yale 50 yatamsumbua mtu kwa misamiati yake kabla hayajamsumbua kwa maana. Lakini video hazina lugha. Mpira ukidundia barabarani kutoka nyuma ya ua, Mwingereza na Mpemba wanaona mpira ule ule, na wote wawili wanajua nani anafuata. Ni sehemu pekee ya mtihani ambayo mgeni haanzi nyuma, na inasikitisha ikiwa ndiyo anayoiacha.

Jicho unalinoaje basi? Njia ninayoiamini ni kongwe kuliko kompyuta, na inatoka kwa polisi. Vyuo vya polisi vya Uingereza vimewafundisha madereva wao kwa miongo mingi kuisimulia barabara kwa sauti wanapoendesha, na kitabu chao maarufu, Roadcraft, kimekuwa kikichapishwa tangu 1955. Anayesimulia haorodheshi tu alichokiona. Anasema kitakachotokea na atakachofanya. Kwa Kiswahili ingekuwa hivi: kushoto kituo, daladala imesimama, konda anapanda, itatoka, naachia mafuta, mbele kivuko, mama ana mtoto mkononi, mtoto anavuta, mguu uko kwenye breki, kulia njia ya vumbi, bajaji imeinua pua, haijaniona, nasogea katikati anione. Ukijaribu utagundua baada ya dakika moja tu mahali ambapo ulimi umenyamaza, na hapo ndipo jicho lilikuwa limelala. Anza ukiwa abiria kwenye basi, maana ukiwa na mikono yako mwenyewe kwenye usukani siku ya kwanza, maneno yatakuchanganya. Kisha fanya kwenye video za mazoezi, ukisimamisha picha katikati na kuuliza nani atahama kwanza. Wiki tatu za dakika 15 kila siku ni bora kuliko Jumapili nzima ya kubofya.

Ni haki pia kusema kwamba mashine ina kasoro, na kasoro hiyo huwaumiza hasa wenye jicho kali. Alama hutolewa ndani ya dirisha fulani la muda tu. Mwendesha pikipiki mzoefu huona lile tairi lililokunjwa kabla dirisha halijafunguliwa. Anabofya, kompyuta haimpi kitu, anatulia akijua ameshajibu, na dirisha linafunguka na kufungwa yeye akiwa ameridhika. Anatoka na alama ndogo kuliko kijana aliyechelewa kidogo. Wanaosema huo ni upuuzi hawajakosea sana. Dawa yake ni ndogo: bofya unapoishuku, bofya tena unapoiona inaiva, na kubofya mara mbili au tatu kwa namna hiyo hakuhesabiwi kuwa udanganyifu. Ila kasoro ya kipimo si sababu ya kulitupa linalopimwa. Mizani ya sokoni ikiwa na hitilafu, hatuachi kununua mchele.

Kasoro kubwa zaidi, kwa maoni yangu, iko mahali pengine na haizungumzwi vya kutosha. Uingereza humtaka mwanafunzi wa pikipiki apitie kwanza mafunzo ya awali ya lazima, yanayojulikana kwa herufi CBT, yaliyoanzishwa 1990. Huchukua kwa kawaida siku moja. Akiyamaliza, mwenye miaka 17 anaweza kuendesha pikipiki ya hadi cc 125 akiwa na kibao cha herufi L, bila abiria, kwa miaka 2, na hayo yote kabla hajafanya mtihani wa nadharia. Miaka 2 ikiisha anaweza kuyarudia mafunzo na kuendelea. Wasambazaji wengi wa chakula unaowaona kwenye mitaa ya London usiku, mvua ikinyesha, wako chini ya utaratibu huu. Yaani anayekaa barabarani saa nyingi kuliko wote ndiye ambaye sheria haijamtaka athibitishe kwamba anaiona hatari. Kipimo ni kizuri, ila kimewekwa mlangoni wakati watu wameshaingia kupitia dirishani.

Huku kwetu tusicheke. Kenya mtahiniwa wa udereva amezoea kusukuma kigari cha mfano juu ya ubao wa mji, akieleza anaingiaje kwenye mzunguko na anatokaje. Kwingine anaonyeshwa alama na kuulizwa ni ya nini. Ni maswali ya haki, lakini yote yanauliza jinsi barabara inavyotakiwa iwe. Hakuna anayemuuliza kuhusu barabara kama ilivyo, yenye mbuzi, tuta lisilo na alama, gari linalotanua pembeni na abiria wa mabasi ya mwendokasi anayevuka akiwa na simu sikioni. Nimeshawasikia wanaojibu kwamba bodaboda mzoefu ameshafundishwa na barabara yenyewe. Barabara hufundisha, kweli, ila ada yake hulipwa kwa miguu. Wanajibu pia kwamba vijiweni hakuna kompyuta. Kijiwe hakihitaji kompyuta. Karibu kila kijiwe kiko njia panda, na kijana hukaa pale saa nzima akisubiri mteja huku sinema hiyo hiyo inayolipiwa pauni 23 kule Uingereza ikipita mbele yake bure. Wanachokosa ni mtu wa kuwaambia watazame nini, na kiongozi wa kijiwe anaweza kuwa mtu huyo kuanzia kesho asubuhi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wanaotahini leseni za pikipiki, Tanzania, Kenya na Uganda, ni dogo na halina gharama. Kabla ya kumkabidhi kijana cheti, simama naye kando ya barabara yenye shughuli kwa dakika moja. Usimuulize alama. Mwambie atazame, kisha muulize: kati ya hawa wote, nani atahama kwanza, na umejuaje?